Bi Kuro na Mtoto wa Ng'ambo

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ni pakawa ya watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Watoto kaeni mbele. Na nyinyi wakubwa mnaojifanya mnachambua mchele, chambueni, lakini masikio nileteeni mimi, maana hadithi ya leo ni yenu kuliko ya hawa wadogo.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana na kila mmoja akijua mpaka wa malisho yake, palikuwa na mto. Mto mpana, maji rangi ya udongo. Upande huu matete, upande ule matete. Upande huu alikaa Bi Kuro.

Mnamjua kuro? Ni mnyama wa mbugani, mkubwa kama punda, manyoya marefu ya kijivu, na makalioni ana duara jeupe utadhani alikalia chokaa mbichi. Manyoya yake yana mafuta, na mafuta yale yananuka. Yananuka hasa. Fisi akiyasikia hukunja pua akaenda kutafuta kingine. Kwa hiyo makuro wana desturi yao. Mama akizaa, kila jioni humsugua mtoto kwa ubavu wake, sugu, sugu, sugu, mpaka mtoto anuke kama yeye. Ndiyo nguo ya ukoo wao.

Bi Kuro alikuwa na mtoto mmoja. Siku moja ya kiangazi alikwenda naye kunywa maji. Mto umetulia tuli. Mtoto akainama. Chubwi. Mamba. Basi. Sitasema zaidi ya hapo, maana hata Bi Kuro mwenyewe hakusema zaidi. Alirudi kwenye matete, maziwa yakimdondoka njiani, na hakuna wa kuyanyonya.

Kiangazi kile kile, ng'ambo ya mto pakawaka moto.

Huko ng'ambo alikaa Bi Tohe. Tohe ni swala mdogo, mwekundu mwekundu, miguu myembamba, na kazi yake kubwa ni kujificha na kupiga mluzi. Akizaa, humlaza mtoto peke yake ndani ya matete, akaenda kula mbali ili maadui wasimfuate, kisha hurudi kunyonyesha. Basi siku hiyo Bi Tohe yuko malishoni, mtoto yuko matetani, moto ukaja. Kwa-kwa-kwa-kwa, matete yanapasuka. Kila mnyama aliukimbia moto. Bi Tohe aliukimbilia. Akapita juu ya majivu yenye makaa, akamwamsha mwanawe, akamsukuma kwa pua hadi mtoni, akamtia majini. Mkondo ukamvusha mtoto upande huu. Mama akaanguka pale ukingoni. Kwato zake zimeungua zote. Hawezi kusimama, na maziwa yamekauka.

Wanyama wakamwita Bi Kanga, yule ndege wa madoadoa asiyetulia mahali pamoja. Nchi ile ilikuwa imempa kazi: mtoto akikosa pa kulala, yeye humtafutia. Alijua nani ana nafasi na nani ana maneno tu.

Bi Kanga akaruka kwanza kwa mwenye mtoto. Akamwambia, "Bi Tohe, mwanao yu hai. Wewe utalala hapa mpaka kwato ziote upya, na si leo wala kesho. Nimtafutie mlezi?"

Bi Tohe akainua kichwa kwa shida. Akasema, "Mtafutie mlezi. Usimtafutie mama. Mama anaye."

Habari zikamfikia Bi Kuro. Akatoka mbio, tititi, akamkuta Bi Kanga njiani. "Nipe mimi," akasema.

Bi Kanga akampita moja kwa moja. Akaingia kwake, akaanza kukagua. Chaku-chaku, akachakura pa kulala. Chaku-chaku, akaangalia njia za kuingilia.

"Maji unakunywa wapi?"

"Pale penye mchanga, panapoonekana chini. Kule kwingine siendi tena."

"Ukikasirika unafanyaje?"

"Napiga teke."

"Unampiga nani?"

"Kichuguu."

"Kichuguu hakina neno. Na mtoto huyu unamtakia nini?"

Bi Kuro akatazama pale alipokuwa akilala mwanawe. Akasema, "Maziwa yananiuma. Nyumba iko kimya. Nataka mtoto."

"Wewe unatafuta mtoto," akasema Bi Kanga. "Mimi natafuta mlezi. Hivyo ni vitu viwili, mwenzangu."

Bi Kuro akainamisha kichwa. Wengine wangekasirika hapo. Yeye alisema, "Basi nifundishe hicho cha pili."

Bi Kanga akampenda kwa jibu lile. Akamwambia, "Huyu sikupi zawadi. Nakuwekea amana. Mnyonyeshe, mlinde, mlaze pakavu. Akuite mama mdogo. Upepo ukivuma kutoka ng'ambo, mpeleke ukingoni amnuse mama yake. Ukivuma kwenda, mpeleke ili mama naye amnuse. Na yale mafuta yenu, Bi Kuro, usimsugue. Harufu ya mtoto huyu si yako kuibadilisha."

"Nimekubali," akasema Bi Kuro.

Kukubali ni rahisi, jamani. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Tena mwana wa mwenzio, aliyekuja na moto ndani ya macho.

Maana Kitohe, ndilo jina la mtoto, aliletwa ananuka moshi. Akiguswa, anaruka. Akipewa ziwa, anageuza shingo. Jani kavu likilia chini ya ukwato, kwa, anajitupa chini na kutetemeka. Akamuuma Bi Kuro sikio. Akampiga teke la kidevuni, na ingawa miguu ile ni kama vijiti, likauma kweli.

Bi Kuro akatoka, akakipiga kichuguu. Pu. Akakipiga tena. Pu. Kisha akarudi, akalala mbali kidogo na mtoto, akampa mgongo. Hakumwita. Hakumtazama. Jua likapanda, jua likashuka, yeye kalala na mgongo wake. Siku ya pili vile vile. Mwishowe, alfajiri moja, akasikia kitu chenye ubaridi kinamgusa tumboni. Ilikuwa pua. Bi Kuro akazuia pumzi. Mtoto akanyonya, akanyonya, akanyonya, akalala na ziwa mdomoni.

Alipoamka akasema, "Mama mdogo, kuna moto hapa?"

"Hapa hakuna moto."

"Na mama yangu je?"

"Mama yako yuko ng'ambo, anangoja kwato ziote."

Na kweli, siku zile za mwanzo Bi Kuro alitimiza ahadi. Upepo ukija, wanashuka ukingoni. Kitohe ananyoosha pua, anapiga mluzi. Fyuu. Kutoka ng'ambo, katika majivu, unajibiwa mluzi mwembamba. Fyuu. Mtoto anachezacheza pale mchangani kwa furaha. Lakini wakirudi nyumbani, hali chakula. Analia mchana kutwa. Ziwa hataki, kucheza hataki, anamwambia Bi Kuro, "Wewe ondoka."

Bi Kuro akajiambia, mbona tunakitonesha kidonda? Siku moja upepo ukavuma, hawakushuka. Mtoto hakulia siku ile. Upepo ukavuma tena, wakakaa. Bi Kanga alipopita kuuliza, "Ukingoni mnakwenda?" Bi Kuro akajibu, "Tunakwenda," huku anatazama nyasi.

Wakubwa, mnanisikia? Mtoto akitoka kumwona mama yake analia, sisi tunaogopa kilio, tunaona heri asiende. Kumbe kilio kile si ugonjwa. Ni mtoto anampenda mama yake, ndiyo maana yake.

Kisha akaja Fisi. Alasiri moja alizunguka matete, pua chini, anavuta hewa. Bi Kuro akasimama mbele yake.

"Bi Kuro, wewe hushuki kooni kwangu," akasema Fisi. "Lakini humo ndani kuna kitu kinanukia vizuri."

Bi Kuro akamkimbiza mpaka vichakani. Akarudi anahema. Jioni ile akamvuta Kitohe, akamsugua kwa ubavu. Sugu, sugu, sugu. Mgongo, shingo, masikio, mpaka mtoto akanuka kuro mtupu. Fisi aliporudi akavuta hewa, akakunja pua, akaondoka zake. Je, alikosea? Kwa siku ile mimi simlaumu. Mwenye mtoto mbele ya fisi hana nafasi ya kukumbuka masharti.

Lakini Fisi alihama. Nyumbu walikwenda kusini, akawafuata. Nchi ikawa salama. Na Bi Kuro akaendelea kusugua. Kila jioni, sugu, sugu, sugu. Hakuwa anamkinga na Fisi tena. Alikuwa anapenda kumnusa mtoto na kujinusa mwenyewe.

Na siku moja Kitohe akasema, "Mama, nina kiu." Hakusema mama mdogo. Bi Kuro alisikia vizuri. Hakumsahihisha. Moyo wake ulijaa, na akamwongoza kwenye maji.

Basi kwato zikaota. Bi Tohe akasimama. Akaanguka, akasimama tena. Akala majani machipukizi, mwili ukarudi, maziwa yakarudi. Kila upepo ulipovuma alikwenda ukingoni kupiga mluzi, na siku nyingi hakujibiwa. Akajituliza kwamba pengine mtoto amelala. Mto ulipopungua akavuka, akichechemea, mpaka upande huu.

Wanyama wakakusanyika. Ngiri alikuja, pundamilia walikuja, Bi Kanga alikuja mbele ya wote. Kongoni akapanda juu ya kichuguu, maana yeye ndiye msema sheria.

Bi Tohe akasogea. Pua yake inatetemeka. Akamnusa mtoto shingoni. Akarudi nyuma. Akamnusa tena, masikioni, mgongoni, chini ya mkia. Akapiga mluzi, fyuu, taratibu.

Kitohe akakimbilia nyuma ya miguu ya Bi Kuro. "Mama," akasema, "huyu ni nani?"

Wanyama wakatazamana.

"Huyu si wangu," akasema Bi Tohe. "Huyu ni wa kuro."

Kongoni akakohoa pale juu. "Sheria mnaijua. Mtoto asiyetambuliwa na pua ya mama ni wa aliyemnyonyesha."

Basi Bi Kuro amempata. Kile alichokitaka tangu siku ya mamba, amekipata mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Hata Bi Kanga angeshuku tu, maana hakuna aliyeona mafuta yakisuguliwa. Kazi yake ilikuwa moja tu, kufunga mdomo.

Bi Tohe hakubishana. Alisema, "Wangu atakuwa alikufa siku zile mluzi ulipokoma kujibiwa. Afadhali nimejua." Kisha akamgeukia Bi Kuro, akainama kwa adabu. "Dada, unisamehe. Nimemtisha mwanao."

Akageuka kurudi mtoni. Hatua moja, anachechemea. Hatua ya pili, anachechemea. Na Bi Kuro akaona maziwa ya yule mama yanadondoka mchangani.

Aliwahi kuijua njia ile. Aliwahi kuipita na maziwa yake.

"Bi Tohe, simama," akasema. "Huyu ni wako. Pua yako haikukosea, mimi ndiye niliyeikosesha. Nilimsugua mafuta yangu. Nilianza kwa ajili ya Fisi, nikaendelea kwa ajili yangu. Nilikatazwa, nikafanya. Na huku ukingoni sikumleta. Ulipokuwa unapiga mluzi, tulikuwa tunakusikia."

Ngiri akaguna. Pundamilia wakaanza kunong'onezana. Bi Tohe alimtazama Bi Kuro kwa muda mrefu, na macho yake hayakuwa na adabu tena. "Mlikuwa mnanisikia," akasema.

"Tulikuwa tunakusikia."

"Nilipigia mluzi maji."

Mwizi wa kuku husema kuku alimfuata mwenyewe. Mwizi wa mtoto aseme nini?

Bi Kanga akajipenyeza katikati yao. "Tutagombana baadaye. Mtoto anatetemeka." Akamgeukia Bi Kuro. "Mafuta yenu hayatoki kwa maji, unajua. Ukiwa karibu, hata mkiachanishwa na mto, upepo unamrudishia. Yanatoka kwa jambo moja."

"Nalijua," akasema Bi Kuro. "Kwa mimi kutokuwapo."

Bi Kuro alizaliwa katika matete yale. Mama yake alifia pale. Kuro bila mto ni nani? Lakini alisema, "Nitavuka vilima. Ila nipeni nafasi niseme naye, na niseme na mama yake."

Kwa Bi Tohe akasema hivi. "Haogopi radi. Anaogopa jani kavu likilia, kwa hiyo mlaze penye nyasi mbichi. Akikupiga teke usimrudishie, nenda kapige kichuguu. Usimwite, usimwandame. Lala mbali kidogo umpe mgongo, hata kama ni siku nyingi. Atakuja mwenyewe. Utasikia pua."

Bi Tohe alisikiliza kila neno. Hakushukuru, na hakupaswa kushukuru.

Kwa mtoto akapiga magoti. "Kitohe, mimi ni mama mdogo. Uliacha kuniita hivyo, nikafurahi, nikanyamaza. Nilikosea. Huyu ndiye mama yako. Aliingia motoni kukutoa, kwato zake zikaungua. Alikuwa anakuita siku zote."

"Unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Wewe hujafanya kosa lolote. Naondoka mimi, ili pua ya mama yako ikuone."

"Utarudi?"

"Ukiwa na nguo yako mwenyewe, nitarudi kunywa maji."

Kitohe akalia. Bi Kuro akaondoka huku anakisikia kilio kile. Mtasikia watu wanasema aliondoka bila kugeuka. Waongo hao. Aligeuka. Aligeuka mara nyingi, mpaka kilima kikamziba.

Huko nyuma ya vilima maji ni ya dimbwi, nyasi ngumu, jua kali. Bi Kuro akakaa. Alipolala alinyoosha ubavu kama vile kuna wa kusuguliwa. Mvua za masika zikaja, zikanyesha, zikanyesha. Akawa anazisikia zinapiga mgongoni mwake, na anajua zinampiga na Kitohe, na kila tone linamwondolea mtoto kidogo cha kuro.

Siku moja Bi Kanga akatua mbele yake, ameloa chepechepe.

"Mama alilala kamgeuzia mgongo," akasema. "Mtoto alimkataa, akamkataa. Akamuuma. Jana alimwendea mwenyewe."

"Mama akamnusa?"

"Akamnusa. Akamlamba kichwa kizima. Bado analamba."

Bi Kuro akalia kwa sauti, mbele ya mgeni, bila haya. Bi Kanga akamwacha alie. Kisha akauliza, "Inauma?"

"Inauma."

"Siku ile ulipotaka mtoto hukuwa mlezi. Leo nakuona mlezi. Kuna mtoto wa mbawala kule bondeni, mama yake alinasa kwenye mtego, wanamuuguza. Hana pa kulala."

"Niache kwanza," akasema Bi Kuro. Bi Kanga akamwacha.

Masika yakaisha. Bi Kuro akarudi mtoni kunywa maji. Pale penye mchanga walikuwepo watoto wa tohe, wadogo, wekundu, wanacheza. Mnajua tohe wakiona mnyama mkubwa wanafanyaje. Fyuu, fyuu, wakatoweka wote matetani.

Mmoja akabaki.

Alikuwa ameota vipembe. Akanyoosha pua, akamnusa Bi Kuro kutoka mguu mpaka shingo. Bi Kuro hakusema jina lake. Hakunyoosha ubavu. Alisimama tu na moyo wake. Na mtoto akanusa, akafikiri, akanusa tena. Hakumjua. Ninawaambia ukweli, hakumjua hata kidogo.

Lakini hakumwogopa. Akainama pale pale kando yake, bega kwa bega, akanywa maji. Akanywa taratibu, macho kafumba, kama mtoto ambaye tangu azaliwe hajawahi kutishwa na mtu. Aliposhiba akapangusa mdomo kwa ulimi, akaenda zake kwa mama yake.

Bi Kuro akabaki akitazama nyayo zile ndogo zinajaa maji. Kisha akashika njia ya bondeni kumtafuta Bi Kanga. "Yule wa mbawala," akasema, "amekwishapata pa kulala?"

"Bado."

"Mlete. Na masharti yako nisomee tena, yote, polepole."

Sikilizeni sasa, wadogo na wakubwa. Mtoto wa mwenzio ni amana. Mpende kwa moyo wote, lakini usimfutie kwao, maana mlezi hapimwi kwa mtoto aliyembakiza. Hupimwa kwa mtoto anayeondoka bila hofu.

Hadithi yangu imeishia hapo mtoni. Aliyeiona tamu ampelekee jirani, aliyeiona chungu ainywe vivyo hivyo, kwani dawa nayo ni chungu.